Mtondo, Saa Kumi

Ijulikane kwa wakazi wote wa Likoni na Changamwe, wanaosali na wanaosinzia ibadani, kwamba mimi, Jumwa binti Mwarandu, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo nimeombwa nisilichafue jina lake, ndimi niliyekuwa Mtunzi Mkuu wa Mafumbo, Mlinzi wa Bahasha Saba na Mwamuzi Asiyekatiwa Rufaa katika Msako wa Pasaka wa vijana wa kanisa letu.

Cheo hicho nilikipata kwa sababu aliyechaguliwa mwanzo alishikwa na matubwitubwi.

Msako wenyewe ulikuwa hivi. Timu za watu wanne wanne, vijana wa Likoni kwa wa Changamwe, wanapewa fumbo. Wakilifumbua linawapeleka mahali, na hapo wanapewa bahasha yenye fumbo jingine, mpaka bahasha ya saba. Watakaotangulia kurudi kanisani Timbwani wanaondoka na beberu. Niliyatunga mafumbo yote kwa siku mbili na nikajiona nimezaliwa kwa kazi hiyo. "Nashinda safarini na silali ugenini" lilikuwa feri. "Tumelala mmoja juu ya mwenziwe na hatujafunga ndoa" lilikuwa makontena ya Kipevu yanayoonekana ng'ambo. Hilo mama alilifuta kwa kalamu nyekundu, akanitazama mpaka nikaomba msamaha kwa kosa hilo na mengine ambayo hakuyajua.

Lakini sikuketi hapa nieleze habari za beberu. Hii ni habari ya dada yangu Mweri na Mutua, na nikisema ni ya huzuni msidhani natania. Najua sifa zangu, lakini leo niaminini.

Mweri ana miaka ishirini na minne, anafundisha chekechea. Ni mrefu, mpole, na kabla hajakujibu hukutazama kwanza, kana kwamba anapima kama neno litakuumiza. Mutua ni karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Anaishi Changamwe, na kwao ni Kitui. Walikutana kwenye kwaya ya pamoja mwaka juzi. Mutua hajui kuimba. Alikuwa anafungua mdomo tu huku akimtazama Mweri, na mwalimu wa kwaya akadhani ana sauti ndogo.

Baba hakumkataa kwa ukali. Miaka thelathini amepakua meli, na ukali wote ameuacha huko gatini. Nyumbani huzungumza polepole, na hilo ndilo baya, kwa sababu mtu anayepiga kelele unaweza kumkasirikia.

"Simchukii kijana," alisema jioni moja mwezi wa Machi, Mweri ameketi mbele yake na mikono mapajani. "Ana adabu. Lakini mwaka wa pili huu ananipa shikamoo, na mzee wake sijamwona. Mtu asiye na mzee ni kontena lisilo na karatasi, mwanangu. Utalisifu rangi, utalisifu kufuli, lakini nani atalitoa bandarini?"

"Baba yake alifariki, baba."

"Najua, Mungu amrehemu. Hana ami? Hana mjomba? Hana hata jirani mwenye mvi?"

"Anaogopa utamfukuza."

"Basi anaogopa kuliko anavyopenda."

Munga wa mzee Kenga, mwalimu wa Kaloleni, kijana mwema asiye na dosari ila moja, nayo ni kwamba si Mutua, alikuwa ameshatuma watu. Jumamosi baada ya Pasaka wangeleta kadzama, kile kibuyu cha tembo la mnazi ambacho kwetu kikishanywewa, binti ameshaposwa.

"Mpaka siku hiyo," baba akasema, "sitaki simu, sitaki ujumbe, sitaki kuonana naye pembeni. Tusije tukawaaibisha wazee wa watu. Niapie."

Mweri akaapa. Mama akaitia simu yake kabatini, na ufunguo akautia kifuani, mahali ambapo hata jeshi halifiki.

"Na akija yeye mwenyewe, baba? Na mzee?"

Baba alifikiri mpaka chai ikapoa. "Akija na mzee kabla ya Jumamosi, nitamsikiliza. Aliyetangulia kubisha hodi hukaribishwa kwanza. Alhamisi ya wiki hiyo niko ofu, nashinda hapa. Mlango wangu sijawahi kumfungia mtu mzima."

Hilo ndilo tundu dada yangu aliloliona. Ijumaa Kuu, tukiosha vyombo, aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Jumwa. Fumbo ni ujumbe?"

Nilikausha sahani kwa hekima nyingi. "Kisheria, dada, fumbo ni fumbo."

"Usinichezee. Nimeapa."

"Umeapa simu, ujumbe na pembeni. Timu ya Mutua lazima ipite kituo cha tano, Shelly Beach, kituo chako mwenyewe. Ukiandika kikaratasi nikakitia katika bahasha yao, hujapiga simu. Mchezo ni wa kanisa, kwa hiyo hujatuma ujumbe. Na pembeni hakupo, kwa sababu mama atakuwa hapo hapo anagawa juisi."

Mweri alicheka mpaka povu likamwingia puani. Sijamsikia akicheka vile tena. Akaifuta mikono, akaandika, akachana, akaandika tena. Mwishowe akanipa kikaratasi kilichokunjwa mara nne.

"Kitie kama kilivyo, Jumwa."

"Kwa mamlaka niliyopewa," nilisema, nikampigia saluti kwa upawa.

Jumatatu ya Pasaka jua lilitoka na nia mbaya. Pale Shelly Beach mama alikuwa chini ya mwavuli wa kanisa na ndoo yake ya juisi ya ukwaju. Mweri alikuwa kwenye kiti cha plastiki, gauni la buluu, bahasha mapajani. Mimi nilisimama katikati yao na filimbi shingoni, kama serikali. Kanuni ya nne ya msako, niliyoitunga mwenyewe ili kuzuia udanganyifu, ilisema hivi: msimamizi wa kituo haruhusiwi kusema na washindani. Sikufikiri ingemkuta nani.

Mutua alifika mbio, suruali imelowa mpaka magotini kwa sababu mwenzake Quinter alikuwa ameamua kwamba jibu la fumbo la nne limo baharini. Nyuma yao alikuja Nduku anahema, viatu mkononi, na kijana mmoja wa Changamwe aliyejitupa mchangani akatangaza kuwa amekufa.

"Shikamoo, mama," Mutua akasema.

"Marahaba, mwanangu." Mama akamtilia juisi bila kumtazama. "Kunywa uende."

"Huyu hana kiu ya juisi, mama," Quinter akasema, na Nduku akamfinya.

Mutua alishika gilasi wala asinywe. "Mweri," akaita.

Mweri akatikisa kichwa na kuninyooshea kidole.

"Kanuni ya nne," nikatangaza.

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

"Nikipiga chafya?"

"Atakuombea kimoyomoyo."

Akanitazama, kisha akamtazama Mweri, na sura yake ikaacha utani. Wiki tano walikuwa hawajaonana. "Sawa, madam msimamizi. Hiyo kanuni yako inakataza yeye kuongea. Inakataza mimi?"

Nikatafakari. "Kuhusu hilo kanuni iko kimya."

"Basi wacha niongee yeye asikize." Akajifuta jasho kwa mkono wa shati. "Nilikuwa nataka tu kumwambia msimamizi wa hii kituo, sijaacha kuja kwaya. Nakuja kila Jumatano. Lakini kiti chake ni tupu, na mimi sijui nifungue mdomo nikitazama nani."

Mama alikohoa. Mweri aliinamisha macho, na tone moja likaanguka juu ya bahasha ya tano, pale palipoandikwa namba, wino ukatanuka.

Akainyanyua, akamnyooshea. Mutua akaishika upande wake. Mweri hakuuachia wa kwake. Wakabaki hivyo, mmoja huku na mmoja huku, kama watoto wanaogombania daftari, ila hapana aliyevuta. Nimesoma vitabu vingi bwenini chini ya blanketi, vyenye busu katika kila ukurasa wa pili, lakini sijapata kuona watu wakishikana kama wale wawili walivyoshikana na karatasi katikati.

"Mweri," mama akasema taratibu. "Mpe mtu bahasha yake."

Akaiachia.

Wenzake walilinyakua fumbo la tano wakaanza kubishana. Kikaratasi kilibaki kiganjani mwa Mutua. Nilimwona akikifungua, akiwapa mgongo wote, na midomo yake ikayafuata maneno moja moja:

*Mtondo, saa kumi. Njoo na mvi. Nangoja mlangoni.*

Kwa ndugu zangu wa bara nieleze. Sisi huku tunasema leo, kesho, kesho kutwa, halafu mtondo. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, basi mtondo ni Alhamisi. Mvi ni mzee wa kumtangulia kijana. Na mlango ni mlango wetu, pale Timbwani, ambao baba alisema hajawahi kumfungia mtu mzima. Maneno machache, maisha mawili ndani yake.

Mutua aliinua macho. Mweri akaitikia kwa kichwa, kidogo tu, mtu angedhani anafukuza nzi. Mutua akakitia kikaratasi mfuko wa shati, upande wa moyo, akaubonyeza mfuko mara mbili. Kisha akanijia, akaniuliza jambo moja dogo la njia, nikamjibu, akaondoka mbio na wenzake huku akicheka peke yake. Timu yake ilimaliza ya mwisho. Beberu alichukuliwa na vijana wa Mtongwe, na Mutua aliwapongeza mpaka wakamshuku.

Alhamisi Mweri aliamka kabla ya jogoo. Alifagia uwanja mara mbili. Akapika mahamri na mbaazi za nazi, akatandika kitambaa cheupe ambacho hatujakitumia tangu kipaimara changu. Saa tisa alasiri aliketi mlangoni na ungo wa mchele, akaanza kuchagua mawe. Mimi siku hiyo tumbo liliniuma, nikashinda chumbani, nikawa namwona kupitia upenyo wa pazia.

Saa kumi ikafika. Mweri akaunyoosha ushungi wake, akatazama njia.

Saa kumi na nusu akaumaliza mchele. Akaumimina kwenye ungo upya, akauanza.

"Mchele huo una mawe mangapi?" baba aliuliza kutoka ndani.

"Mengi, baba."

"Wa dukani kwa nani?"

"Pale pale."

Saa kumi na moja mama alinijia chumbani na maji ya tangawizi. "Inuka unywe. Na dada yako ana nini leo?"

"Sijui, mama," nilisema, nikageukia ukutani.

Jua lilipoanza kutua mahamri yalikuwa yameshakauka juu. Mweri alikuwa akiuchagua mchele mara ya nne, na punje sasa zilikuwa safi kama meno ya mtoto. Baba akatoka. Nikadhani atamwambia aingie ndani. Akaleta kiti chake, akakiweka kando ya Mweri, akaketi. Wakaitazama njia wote wawili.

"Ingia ndani, mwanangu. Kunakuwa giza."

"Bado naona, baba."

Majirani walipita, wakasalimu, wakapita. Ndipo nilipoona kwamba baba, siku yake ya ofu, siku ambayo hushinda na kikoi na singlendi iliyotoboka, alikuwa amevaa shati lake jeupe la ibada, vifungo vyote mpaka shingoni.

"Mimi pia nilivaa shati, Mweri," alisema.

Mweri akaulaza uso wake begani mwa baba, na ungo ukamponyoka. Mchele wote ukamwagika mchangani.

Jumamosi akina Kenga walikuja. Kwa kuwa sisi ni Wakristo, walileta na kreti mbili za soda kwa ajili ya waliookoka, na kibuyu kwa ajili ya wazee ambao wokovu wao una likizo. Munga aliketi mwisho wa mkeka, mpole, akiikunjua na kuikunja leso yake. Alinisalimu kwa jina, akaniuliza habari za shule, na akasubiri jibu. Ningefurahi sana kama angekuwa mtu mbaya.

Baba alimwita Mweri katikati. Kibuyu kilikuwa mbele yake, mdomo umezibwa na jani.

"Mwanangu," baba akasema, "wageni hawa wameleta kinywaji. Hapana atakayekigusa mpaka wewe useme. Tunywe, au tusinywe?"

Nilikuwa nimesimama na trei ya gilasi. Mweri hakumtazama Munga wala baba. Aliutazama mlango, ambao ulikuwa wazi, na nje yake palikuwa na kuku wetu mmoja na jua. Akaungoja mlango ule mpaka wazee wakaanza kugusanagusana magoti.

"Kunyweni," akasema.

Vigelegele vikapigwa. Gilasi zangu zikatetemeka kwenye trei, na shangazi mmoja akasema, "Mtazame mdogo wake, anafurahi mpaka anatetemeka."

Wiki mbili baadaye shule zilifunguliwa. Mweri alinisindikiza, tukavuka kwa feri ya asubuhi, tumelishika sanduku langu la chuma yeye huku na mimi huku. Tulipata nafasi kwenye reli, karibu na lango la mbele. Nilikuwa nikimsimulia jambo la mpishi wetu wa shule na panya, nikijitahidi acheke, nilipoona hanisikilizi.

Mutua alikuwa hatua nne kutoka kwetu. Begi kubwa mgongoni. Alikuwa ametoka Timbwani kurudisha joho la kwaya.

Wakasema pamoja. Mutua alisema, "Hongera." Mweri alisema, "Hukuja."

"Sikuja?" Mutua akasogea. "Mimi ndio sikuja?"

"Nilikaa mlangoni mpaka giza. Baba alikuwa amevaa shati."

"Mweri, mimi nilikaa siku tatu. Siku tatu! Hukuwa umeandika siku, kwa hivyo nikasema wacha niende zote. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Na mzee Jacktone, yule mzee wetu wa ofisi, alikubali kuwa baba yangu. Amevaa koti na hilo jua lote, na fimbo. Watu wa pale walituzoea, mama mmoja akawa anatuuzia mihogo. Siku ya tatu mzee akaniambia, 'Kijana, huyu msichana amekucheza. Twende nyumbani.' Nikakataa. Tukakaa mpaka taa zikawaka."

"Mlikaa wapi?"

"Mtongwe. Pale mlangoni pa kivuko. Si ndio uliniambia?"

Mweri alikuwa anamtazama kama mtu anayesomewa barua kwa lugha ya kigeni. Mutua akatoa pochi, na ndani yake kikaratasi, kimechakaa kwenye mikunjo. Akampa.

Mimi nikaanza kuisoma kutu ya feri.

"Huu si mwandiko wangu," Mweri akasema.

"Aje?"

"Mimi niliandika, 'Alhamisi saa kumi jioni, njoo nyumbani na mzee wako, baba atakusikiliza.' Nalikumbuka kila neno. Nililiandika mara mbili." Akakigeuza, akatazama nyuma, akakirudisha mbele. "Mtondo."

"Ndiyo, Mtondo. Nilijua umeandika mbio, ukakosea Mtongwe."

"Mtondo si mahali, Mutua." Akafungua vidole vyake mbele yake, kimoja kimoja, kama anavyowafanyia watoto wa chekechea. "Leo. Kesho. Kesho kutwa. Mtondo. Ni siku. Ilikuwa Alhamisi."

Vidole vinne vilibaki hewani. Mutua alivitazama sana.

"Kwa hivyo Alhamisi," akasema, "wewe ulikuwa kwa mlango, na mimi nilikuwa hapo Mtongwe tu."

"Hapo tu."

"Ungejua?"

"Ningekuja kwa miguu."

Mutua akalishika begi lake kana kwamba linataka kumkimbia. "Basi turudi. Hii feri ikifika tugeuke nayo. Nampigia mzee Jacktone sasa hivi, anavaa koti, tunaenda kwa baba yako, tunamweleza. Ni makosa ya neno moja, Mweri. Neno moja!"

"Wameshakunywa."

"Ni tembo tu!"

"Nilisema kunyweni. Kwa mdomo wangu, mbele ya wazee wa pande mbili. Baba aliniuliza, hakunilazimisha. Munga alikuwa ameketi pale anakunja leso." Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti yake haikuyumba. "Mdomo wangu si feri, Mutua, niende nao ng'ambo na nirudi nao."

"Hata kama abiria aliyeachwa ni mimi?"

Alimtazama tu, vile anavyotazama akipima kama neno litaumiza, na nadhani kila neno alilolipima aliliona litaumiza.

"Wananihamisha Malaba," Mutua akasema. "Mpakani. Niliomba mwenyewe. Nilifikiri nakukimbia wewe, kumbe nakimbia..." Akaacha. Akanigeukia, bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. "Lakini nilimuuliza Jumwa. Pale pale Shelly Beach nilimuuliza."

Feri ikagusa ng'ambo, chuma kikasaga zege, lango likateremka. Watu wakaanza kutusukuma kwa mabega na vikapu. Mutua alimshika Mweri mkono, ule wenye kikaratasi, akavifumba vidole vya Mweri juu yake, kimoja kimoja, vyote vinne na gumba. Akapanda kilima cha kutokea kivukoni na umati. Nilitarajia atageuka. Begi lake lilionekana, likaonekana, halafu likawa moja ya mabegi.

Tulibaki kando ya njia na sanduku letu chini.

"Jumwa."

"Abee, dada."

"Kikaratasi changu kiko wapi?"

Nilikuwa na hotuba. Tangu ile Alhamisi nilikuwa nimeitayarisha, yenye mamlaka niliyopewa, yenye ajali, yenye upepo wa Shelly Beach ulioipeperusha karatasi. Nikafungua mdomo ikatoka sauti ndogo ambayo hata mwalimu wa kwaya asingeisikia.

"Kimo sandukuni. Ndani ya kitabu cha Fizikia."

"Kwa nini?"

"Chako kilikuwa wazi mno. Hakikuwa fumbo. Na nilikuwa nimewaapia kina Quinter kwamba hapana mtu wa bara atakayeyaweza mafumbo yangu. Nilitaka nimwone akihangaika kidogo. Halafu ningemwambia, tucheke sote."

"Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza kama ni Mtongwe."

"Ukamjibu nini?"

Walio nyuma yetu walitupitia kama maji yanavyopitia jiwe.

"Nikamwambia, 'Umepata. Nenda.'"

Mweri alifumba macho. Alipoyafumbua hakunipiga wala hakunitukana. Aliinama, akalishika sanduku upande wake, akangoja nishike wangu. Sikuweza.

"Na Alhamisi," akasema, bado ameinama, "nilipokuwa nachagua mchele. Ulijua yuko wapi?"

Kutoka kwetu mpaka Mtongwe ni dakika kumi kwa bodaboda. Nauli nilikuwa nayo, chini ya mto.

"Nilihisi."

"Na tumbo?"

"Halikuwa linaniuma, dada," nilisema. "Niliogopa tu mtajua ni mimi."